Kutoka Chumba cha Daktari hadi Kituo cha Jirani: Mwongozo Kamili wa Kufanya, Kuandika na Kusambaza Utafiti wa Tiba ya Familia

Mwaka 2010 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika kliniki tatu nchini Kenya. Watu waliokuwa wakianza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI walipelekewa kila wiki ujumbe wa simu wenye neno moja, “Mambo?”, nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu “Shida” alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki, na aliyekaa kimya alipigiwa pia. Katika jaribio hilo la washiriki 538, asilimia 62 ya waliopelekewa ujumbe walisema walimeza dawa zao kama ilivyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wasiopelekewa, na waliofikia hatua ya virusi kufubazwa walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Miaka miwili baadaye yakatoka matokeo ya jaribio la Yaoundé, Kameruni, lenye washiriki 200, ambamo wagonjwa walipelekewa kila wiki ujumbe wa kuwatia moyo pamoja na namba ya kupiga iwapo wangehitaji msaada. Huko hapakuonekana tofauti ya kuaminika ya ufuasi wa dawa kati ya waliopelekewa na wasiopelekewa.

Mtu akisimuliwa majaribio haya kikaoni kwa haraka atasikia kitu kimoja, yaani ujumbe wa simu, na atashangaa kwamba kimefaa mahali pamoja kikashindwa pengine. Sababu za tofauti zinaweza kuwa nyingi, lakini mojawapo iko wazi kwa anayesoma kwa makini: ujumbe wa Kenya uliuliza, na nyuma ya swali alikuwepo mtu mwenye orodha na simu, anayewajibika kumtafuta aliyenyamaza. Anayetangaza kwamba “ujumbe wa simu unasaidia” bila kumtaja mtu huyo amegawa kifuu, nazi amebaki nayo nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya daktari wa familia, tabibu na muuguzi wa zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya ambaye amegundua namna bora ya kuwahudumia wagonjwa wake na anataka wengine wanufaike nayo. Unafuata kazi hiyo tangu swali linapozaliwa hadi kituo cha jirani kinapoanza kulifanyia kazi jibu lake.

Katika hatua zote nitatumia mfano mmoja wa kubuni, pamoja na namba zake: kituo cha afya chenye kliniki ya presha kila Jumatano, ambako mganga mfawidhi ameona kwamba wagonjwa wapya wengi hawaonekani tena baada ya siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Chagua swali linalotoka kwenye benchi la wagonjwa wako

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walionyesha kwamba katika kila watu wazima 1,000, kwa mwezi mmoja, takribani 750 hupatwa na maradhi au maumivu ya aina fulani, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu ile ilitokana na takwimu za Marekani na Uingereza, na uwiano wa kwetu si lazima uwe ule ule, lakini hoja yake inatuhusu moja kwa moja: sehemu kubwa ya maarifa ya tiba imepatikana kwa kumchunguza yule mmoja, huku wale 250 wakihudumiwa kwa kubahatisha kile kilichofaa kwa mwenzao wa hospitali kuu. Wanaoweza kuziba pengo hilo ni wanaowaona wale 250 kila siku. Daktari wa kijijini wa Uingereza, William Pickles, alitunza chati za wagonjwa wake katika bonde moja la Yorkshire kwa miaka mingi, na kwa kuwa alijua nani alimtembelea nani na lini, aliweza kupima muda unaopita kati ya maambukizi na dalili za homa ya ini, jambo ambalo daktari wa mji mkubwa asingeweza kulipata kirahisi. Kazi yake ilitoka kitabuni mwaka 1939.

Swali zuri lina sifa tatu. Linahusu wagonjwa unaowaona kila wiki. Jibu lake linaweza kubadilisha jambo ambalo liko ndani ya mamlaka yako. Na rejista zako zinaweza kulijibu, ama zilivyo ama kwa kuongezewa safu moja. Swali la kwa nini wagonjwa wa presha hawafuati masharti, ambalo husikika sana, halina sifa hizo, na zaidi ya hapo limekwisha kumhukumu mgonjwa kabla ya kumsikiliza. Liandike upya hivi: “Kati ya watu waliogunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu kituoni kwetu kuanzia Januari hadi Juni, wangapi walirudi angalau mara moja ndani ya siku 45, na je, idadi hiyo itaongezeka tukimpigia simu kila asiyetokea ndani ya siku 7 baada ya tarehe yake?” Sasa kuna watu wanaojulikana, muda unaojulikana, jambo moja linalobadilishwa na kipimo kimoja.

Kabla ya kulifunga swali, zungumza na wagonjwa watano au sita, na mtoa dawa wa dirishani, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mazungumzo haya hayahitaji hojaji. Inawezekana kabisa ukaambiwa kwamba Jumatano ni siku ya mnada, kwamba gari la asubuhi limejaa wafanyabiashara na nauli imepanda, na kwamba mgonjwa akifika saa tano anaambiwa dawa zimekwisha. Ukisikia hivyo, acha habari ya simu. Hamisha kliniki iwe Alhamisi na ulipime hilo. Nimeona miradi yenye michoro ya kupendeza iliyojengwa juu ya tatizo ambalo mwuza mandazi wa getini angeweza kulieleza kwa sentensi moja.

Hatua ya 2: Tafuta kilichokwisha kuandikwa

Siku mbili zinatosha kwa kuanzia. PubMed, hazina ya mtandaoni ya kutafutia makala za tiba, ni bure. Mfumo wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato cha chini kusoma majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Muulize mkutubi wa chuo cha afya kilicho karibu nawe kama taasisi yake imesajiliwa. African Journals Online hukusanya majarida ya bara hili, na African Journal of Primary Health Care & Family Medicine husomwa bure na yeyote mwenye intaneti.

Usiridhike na makala za Ulaya kwa kuwa ndizo zinazotokea kwanza, na usivunjike moyo ukikuta machache ya huku kwetu. Mafunzo ya ubingwa wa tiba ya familia ni machanga katika Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Moi, kwa mfano, kilianza kuwafundisha madaktari bingwa wa familia wa Kenya mwaka 2005. Uchache huo ni sababu nyingine ya kuandika. Andika nusu ukurasa wa yale uliyoyapata, ukieleza kila utafiti ulifanyika wapi, kwa watu gani, na nani hasa alifanya kazi iliyoleta matokeo.

Hatua ya 3: Pata vibali kabla hujafungua rejista

Kupima huduma yako ili uiboreshe ni sehemu ya kazi yako ya kila siku, na kwa hilo idhini ya mganga mfawidhi na timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri kwa kawaida inatosha. Mara tu unapokusudia kuwatangazia watu wa nje matokeo kama maarifa ya jumla, hasa kwa kuyachapisha, unaingia katika utafiti, na utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili. Tanzania Bara, ngazi ya taifa ya kibali hicho ipo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na vyuo vikuu vya afya vina kamati zao. Zanzibar ina Taasisi yake ya Utafiti wa Afya. Kenya huhitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kaunti pia huulizwa.

Mpaka kati ya uboreshaji na utafiti hauko wazi siku zote. Ukiwa na shaka, iandikie kamati barua ya ukurasa mmoja na uiombe iamue, kisha uitunze barua ya jibu hata kama jibu ni kwamba kibali hakihitajiki, kwa kuwa mhariri wa jarida ataiulizia. Kosa linaloumiza zaidi ni kuomba kibali baada ya kazi kukamilika: kamati za maadili haziidhinishi jambo lililokwisha kutendeka, na mwaka mzima wa kazi unaweza kubaki kabatini.

Sambamba na kibali ni ulinzi wa taarifa za mgonjwa. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kuondoa jina peke yake hakutoshi. Ukiandika “mwanamke wa miaka 34, mwalimu, aliyejifungua mapacha mwezi Machi”, kata nzima imeshamjua. Tumia makundi ya umri badala ya umri wenyewe, wilaya badala ya kijiji, na hifadhi orodha inayounganisha namba za utafiti na majina mahali pa peke yake, penye kufuli. Picha za kurasa za rejista zinazorushwa katika makundi ya WhatsApp ya watumishi ili “mwenzangu nisaidie kuhesabu” ni uvunjaji wa siri, hata kama kundi lina madaktari watupu.

Hatua ya 4: Pima hali ilivyo kabla ya kubadilisha chochote

Kazi nyingi huharibikia hapa, na kwa kawaida huharibika kwa sababu ya asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini ya mstari. Wagonjwa 32 waliorudi ni wengi au wachache? Haiwezekani kujua mpaka tujue walitarajiwa wangapi. Katika mfano wetu, vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) na rejista ya kliniki vinaonyesha wagonjwa wapya 86 kati ya Januari na Juni. Ukikaa nao jioni moja pamoja na mtunza kumbukumbu utagundua kwamba wanne wameandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jina lao na mara ya pili kwa jina la mtoto wao wa kwanza, na kwamba wawili walihamishiwa hospitali ya wilaya siku ile ile. Asili ya sehemu yako ni 80, na waliorudi ndani ya siku 45 ni 32, sawa na asilimia 40. Andika kila uamuzi wa aina hii siku unapoufanya, maana baada ya miezi sita hutakumbuka ni kwa nini 86 waligeuka kuwa 80.

Tofautisha pia asiyerudi na aliyekwenda kwingine. Mgonjwa anayenunua dawa kwenye duka la jirani na nyumbani kwake, au anayehudumiwa na zahanati ya misheni, hajapotea. Amepotea machoni pako tu. Wapo pia waliofariki. Ukiweza kuwapata kwa simu hata theluthi moja ya wasiorudi na kuwauliza waliko, maelezo yako yatakuwa na uzito ambao asilimia peke yake haina.

Kama unapima presha yenyewe, chunguza kwanza ubora wa vipimo. Mgonjwa awe amekaa kwa utulivu dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga sakafu, mkono umelazwa usawa wa moyo, mkanda unaolingana na unene wa mkono wake, na asizungumze wakati wa kupimwa. Kisha apimwe tena baada ya dakika moja au mbili. Foleni ya Jumatano haimpi kila mtu dakika 5 za kiti, kwa hiyo weka viti viwili vya kupumzikia kabla ya meza ya muuguzi ili mmoja apumzike wakati mwingine anapimwa. Halafu fanya ukaguzi mdogo ambao hauhitaji fedha: hesabu tarakimu za mwisho za vipimo 100 vilivyomo katika rejista. Mashine ya kielektroniki ikitumika kwa uaminifu, sifuri itatokea takribani mara 10 katika 100. Kwa mashine ya mkono inayosomwa kwa namba shufwa, takribani mara 20. Ukikuta sifuri 70, ujue wasomaji wanakadiria, na mgonjwa wa 144 kwa 92 huenda ameandikwa 140 kwa 90. Lirekebishe hilo kwanza, kwa upole na bila kumnyooshea mtu kidole, kwa kuwa matokeo yoyote yatakayojengwa juu ya namba hizo yatayumba.

Hatua ya 5: Badilisha jambo moja na ulifuatilie mwezi kwa mwezi

Katika mfano wetu, muuguzi mmoja anapewa saa moja kila Ijumaa, simu ya kituo na orodha ya waliotakiwa kufika lakini hawakufika. Usianzishe siku hiyo hiyo pia kadi mpya, elimu ya lishe na utaratibu wa kugawa dawa za miezi miwili. Mambo manne yakianza pamoja, mgonjwa anaweza kunufaika, lakini wewe hutakuwa na la kumweleza jirani anayetaka kujua aanze na lipi.

Chora mstari rahisi kwenye karatasi ya miraba: miezi chini, asilimia ya waliorudi pembeni. Panga asilimia za miezi ya kabla ya mabadiliko kuanzia ndogo hadi kubwa, tafuta ya katikati, na uichoree mstari uliolala. Kisha endelea kuongeza nukta ya kila mwezi. Kanuni inayotumiwa sana na wanaoboresha huduma inasema kwamba nukta sita au zaidi zikifuatana upande mmoja wa mstari huo, kuna dalili ya badiliko la kweli na si kupanda na kushuka kwa kawaida. Ndiyo maana kazi ya namna hii huchukua mwaka, nusu ya kabla na nusu ya baada, na ndiyo maana haifai kutangaza ushindi mwezi wa pili. Kituo kidogo kina hatari yake pia: mwezi huu wamerudi 4 kati ya 8 na mwezi ujao 6 kati ya 8, na mchoro unaruka kutoka asilimia 50 hadi 75 kwa sababu ya watu wawili. Siku zote andika idadi pembeni ya asilimia.

Tuseme baada ya miezi sita wamerudi 48 kati ya 75, sawa na asilimia 64. Ni matokeo mazuri, lakini jiulize ni nini kingine kilichobadilika katika kipindi hicho. Huenda dawa zilianza kupatikana kwa wingi, au mvua ilikatika na barabara ikapitika. Ukiwa na kituo cha jirani ambacho hakikupiga simu, waombe takwimu zao za miezi hiyo hiyo. Kama nao wamepanda, dai lako lazima lipungue.

Hatua ya 6: Andika kadi ya ubunifu

Kadi ya ubunifu ni ukurasa mmoja, au kurasa mbili zikizidi, unaoeleza mtambo wa kazi yako kwa namna ambayo mtu asiyekujua angeweza kuurudia. Kwa maoni yangu ina thamani kuliko makala ya jaridani, na ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu inadai uyaseme mambo yanayoonekana madogo. Iandike na muuguzi aliyepiga simu akiwa ameketi karibu nawe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kilichotokea.

Anza na mtendaji: ni nani hasa aliyefanya kazi, ana cheo gani, alitumia dakika ngapi kwa wiki, na nani alishika zamu yake alipokuwa likizo. Fuatisha vifaa na gharama halisi, pamoja na vocha, na useme fedha zilitoka mfuko upi. Andika maneno yaliyotumika yalivyosemwa, kwa mfano: “Shikamoo mzee, naitwa muuguzi wa kituo cha afya, tulikutarajia Jumatano. U mzima? Kuna lililokuzuia?” Tofauti kati ya simu hii na ile inayoanza kwa “Mbona hukuja kliniki?” inaweza kuwa ndiyo ubunifu wenyewe. Kumbuka pia kwamba simu nyingi za wazee hushikwa na kijana wa nyumbani, kwa hiyo kadi ieleze muuguzi alisema nini pale aliyepokea hakuwa mgonjwa, na jinsi alivyoepuka kutaja ugonjwa.

Kisha andika mazingira yaliyokuwepo tayari: je, mtandao wa simu unashika kata nzima, namba za wagonjwa zilikuwa zimeandikwa, dawa zilikuwepo? Kituo kisicho na hayo hakitapata matokeo yako hata kikiiga kila neno. Malizia na yaliyoshindikana. Kama mlianza kupiga simu asubuhi na watu wakawa shambani, mkahamia jioni, jirani asiposimuliwa hilo atapoteza wiki zile zile mlizopoteza ninyi. Kama wagonjwa 11 hawakupatikana kabisa kwa simu, sema 11, na useme kama mhudumu wa jamii aliwafuata nyumbani au mliishia hapo.

Hatua ya 7: Sambaza kwa mpangilio, ukianzia nyumbani

Waanze kusikia walioifanya kazi. Katika kikao cha asubuhi, tumia dakika 10, mchoro mmoja, na umwachie muuguzi mwenyewe aeleze. Mtunza kumbukumbu akisikia kwa mara ya kwanza kwenye redio kwamba rejista yake imetoa utafiti, hatakusaidia mara ya pili, na atakuwa na haki.

Wanaofuata ni wagonjwa, ambao kwa kawaida hukumbukwa mwishoni au husahaulika kabisa. Siku ya kliniki, wakati watu wamekaa kwenye benchi, waelezwe kwa lugha wanayoitumia wao: presha, sukari, tarehe ya kurudi. Badala ya asilimia, sema “katika kila watu kumi waliogunduliwa na presha, zamani walikuwa wanarudi wanne, sasa wanarudi sita”. Waulize kama maelezo yenu ya sababu ni ya kweli. Katika mkutano wa namna hii mtu anaweza kusimama na kusema kwamba yeye alirudi kwa kuwa simu ile ilimfanya aone haya, na kwamba mwenzake aliona haya hiyo hiyo akahamia kituo kingine. Hilo ni matokeo, na linastahili kuingia kwenye kadi.

Kisha peleka taarifa kwa kamati ya usimamizi wa kituo na timu ya halmashauri. Mganga mkuu wa wilaya anahitaji kujua mambo matatu: tatizo lina ukubwa gani, suluhisho linagharimu kiasi gani kwa kituo kwa mwezi, na unamwomba aamue nini. Mpe kurasa mbili, na upeleke kabla ya msimu wa kupanga bajeti, kwa kuwa wazo jema linalofika baada ya mpango wa mwaka kufungwa litasubiri mwaka mwingine. Kwa vituo jirani, mwalike mhudumu mmoja aje kukaa Ijumaa moja na muuguzi wako. Saa moja ya kuona simu zikipigwa hufundisha zaidi ya wasilisho la slaidi 30.

Mikutano ya kitaaluma inafuata, ya vyama vya madaktari na wauguzi vya nchi yako na ile ya WONCA, shirika la dunia la madaktari wa familia, Kanda ya Afrika. Ukipewa nafasi ya bango, weka mchoro mmoja mkubwa na maneno machache, na uwe na nakala za kadi ya ubunifu za kugawa.

Hatua ya 8: Andika makala ya jarida

Muundo wa kawaida una sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Anza kuandika mbinu na matokeo, ambayo unayajua, na uache utangulizi uje baadaye. Kuna miongozo ya kimataifa inayoorodhesha mambo ya lazima: SQUIRE kwa kazi za kuboresha huduma na STROBE kwa tafiti za uchunguzi. Ichapishe, uiweke mezani, na utie alama kila kipengele kilichotimia. Katika mjadala, eleza udhaifu wa kazi yako kabla mhakiki hajakueleza.

Majina ya waandishi yaamuliwe mwanzoni kabisa na kwa maandishi. Kwa kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, mwandishi ni yule aliyechangia kwa kiasi kikubwa kubuni kazi au kukusanya na kuchambua taarifa, akashiriki kuandika au kuhariri kwa hoja, akaidhinisha toleo la mwisho, na akakubali kuwajibika kwalo. Bosi aliyetia sahihi barua tu hatimizi masharti hayo, ashukuriwe mwishoni. Muuguzi aliyepiga simu kwa miezi sita apewe nafasi ya kushiriki kuandika na kuhariri ili ayatimize, badala ya kanuni kutumiwa kumwacha nje.

Jihadhari na barua pepe za majarida yanayokusifu kupita kiasi na kuahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo. Hakikisha jarida limo katika orodha ya majarida huria ya DOAJ au limetambuliwa na African Journals Online, soma makala mbili zilizotoka humo, na uulize ada na msamaha wa ada kabla ya kutuma. Jarida la heshima linaweza pia kutoza, kwa hiyo ada peke yake si dalili ya utapeli. Ukikataliwa, na wengi hukataliwa mara ya kwanza, pitia hoja za wahakiki, rekebisha, na utume kwingine ndani ya mwezi mmoja. Makala ikitoka kwa Kiingereza, andika muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja na uubandike kwenye ubao wa kituo.

Hatua ya 9: Wafuate waliochukua kazi yako

Andika kwenye shajara tarehe ya miezi mitatu baada ya jirani kuanza, na siku hiyo umpigie. Tarajia kwamba amebadilisha kitu. Huenda hana muuguzi wa ziada na simu zinapigwa na mhudumu wa jamii, au ameongeza swali la dawa za kienyeji ambalo ninyi hamkulifikiria. Usimrudishe kwenye mstari wako kwa haraka. Mwombe takwimu zake za kabla na baada, zikiwa na idadi pembeni ya asilimia, na muone pamoja ni sehemu ipi ya mtambo inayoweza kubadilishwa bila kuuharibu. Akikuambia kwamba ameacha, mwulize ameacha lini na kipi kilitangulia kuachwa, simu za Ijumaa au orodha ya wasiofika, kisha uandike jibu lake kwenye kadi yako, chini ya tarehe ya siku hiyo.